Moyo ukirudi kwenye mdundo, dawa ya kuzuia damu kuganda iachwe?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68, ana presha na kisukari. Ni mwezi wa nne sasa mapigo yake ya moyo yanakwenda ovyo, na tumeambiwa ni mpapatiko wa atiria usiokoma. Anameza bisoprololi ya kupunguza kasi ya mapigo, na apiksabani ya kuzuia damu kuganda. Wanataka kumshtua moyo kwa umeme, ila asubiri wiki tatu. Kwa nini asubiri? Na mdundo ukikaa sawa, ataacha hiyo dawa ya kuzuia damu kuganda? Rafiki yake anamwambia aspirini inatosha na haina madhara.

Jibu: Marahaba. Naanza na aspirini kwa sababu ndiyo iliyonitia hofu. Baba asibadilishe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha dawa hizi mbili kwa wagonjwa wa mpapatiko ambao warfarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, haikuwafaa. Kwa waliomeza apiksabani, viharusi havikufika hata nusu ya vile vya wenzao wa aspirini, na visa vya kutokwa na damu nyingi havikupishana sana. Yaani kwa aspirini angebaki na hatari ileile ya kuvuja damu, huku kinga ameipoteza.

Sasa wiki tatu. Atiria ni vyumba vya juu vya moyo. Vikipapatika havisukumi damu sawasawa, damu inatuama, hasa kwenye kifuko kidogo kilicho pembeni mwa atiria ya kushoto, na damu iliyotuama huganda. Huenda donge limo humo tangu kabla baba hajaanza dawa, na yeye hasikii chochote. Mdundo ukirudishwa leo, chumba kikaanza kukaza, donge linaweza kung'oka likaenda hadi kwenye ubongo. Wiki tatu za dawa bila kuruka dozi hupunguza sana hatari hiyo. Apiksabani humezwa mara mbili kwa siku. Akisahau hata moja, msimfiche daktari kwa kuogopa tarehe kuahirishwa. Ama hesabu itaanza upya, ama atapimwa kwa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya kupitia umio, inayokiona kifuko kile vizuri kuliko ile ya kifuani.

Jambo ambalo watu wengi hawalitarajii huja baada ya umeme. Kwenye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, mdundo unakaa sawa papo hapo, lakini misuli ya atiria inabaki kama imezubaa, na inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kukaza kwa nguvu yake. Madonge mapya hutokea katika kipindi hicho, wakati mgonjwa anajiona amepona. Kwa hiyo dawa huendelea wiki nne kwa uchache. Kwa baba itaendelea hata baada ya hapo: umri wa miaka 65 hadi 74 ni alama moja ya hatari ya kiharusi, presha moja, kisukari moja. Ana tatu, na umeme haufuti hata moja. Tena mpapatiko hurudi mara nyingi, wakati mwingine kimyakimya.

Ukirudi, njia zipo. Amiodaroni husaidia kuushikilia mdundo, ila tezi ya shingoni, ini na mapafu lazima vifuatiliwe. Ipo pia njia ya kuchoma kwa kateta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye moyo, kuzunguka mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha mwaka 1998 kwamba cheche za mpapatiko huanzia humo mara nyingi. Kwa mpapatiko usiokoma matokeo yake si mazuri kama kwa ule unaokuja na kuondoka, na kadiri miezi inavyopita bila mdundo, kazi inazidi kuwa ngumu. Presha idhibitiwe, uzito wa ziada upungue, pombe aiache. Kama anakoroma na pumzi hukatika usingizini, sema kliniki, wengi hawaulizwi.

Siku zile atakapokuwa kwenye mdundo, mwangalie. Anapanda ngazi bila kuhema? Uchovu umepungua? Kama ndiyo, hata mpapatiko ukirudi tutajua kwamba kuutafuta mdundo tena kuna faida kwake. Asipoona tofauti yoyote, na moyo wake hauna udhaifu mwingine, basi kubaki na bisoprololi, mapigo yakiwa chini ya 110 kwa dakika akiwa ametulia, pamoja na apiksabani yake, ni tiba kamili kwake.