Mita 190 na bwawa mbele: uvuke au upige fupi?

Ndugu, umeuliza hivi kuhusu gofu: shimo la pa 5 (linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju mitano), umebakiza mita 190 kufika kwenye grini, yaani uwanja wa nyasi fupi wenye bendera, mbele kuna bwawa, handikapu yako ni 20 (yaani kwa kawaida unazidi pa kwa mikwaju kama 20 kwa raundi). Uvuke kwa wudi namba 3, fimbo ya mipira ya mbali, au upige fupi, mpira utue kabla ya maji? Piga fupi, tena bila aibu.

Ule mpira mmoja uliowahi kuupiga vizuri mazoezini usiuhesabu. Hesabu ule wako wa kila siku, unaopinda kulia kidogo. Huo unatua wapi? Ukitumbukia majini unaongezewa mkwaju mmoja wa adhabu, na bwawa bado liko mbele yako.

Mwaka 2007 Zach Johnson alishinda Masters, shindano kubwa la gofu linalochezwa Augusta, Marekani, bila kujaribu hata mara moja kufika kwenye grini kwa mikwaju miwili katika mashimo ya pa 5. Siku zote nne alipiga fupi, na mashimo hayo yakampa jumla ya mikwaju 11 chini ya pa. Na huyo ni mchezaji wa kulipwa!

Ila fupi si popote. Wengi husogea hadi ukingoni mwa maji, wakabaki na mita 35 za kubembeleza, mkwaju unaotesa hata wazoefu. Kama weji yako, fimbo ya mipira ya karibu, inakwenda mita 80 kwa mpigo kamili, jiachie mita 80. Kisha lenga katikati ya grini. Bendera achana nayo, hasa ikiwa imechomekwa upande wa maji. Na mpira ukilala kwenye nyasi ndefu, hapo hakuna mjadala: wudi irudi kwenye mfuko.