Maswali na Majibu: Watu tisa wa Lady Be Good

Wiki iliyopita nilidokeza habari za Lady Be Good, ndege ya mabomu ya Kimarekani iliyopotea Libya mwaka 1943 na watu wake tisa. Maswali yamekuwa mengi. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Walipoteaje, hawakuwa na dira?

Dira walikuwa nayo. Tarehe 4 Aprili 1943 B-24 hiyo iliondoka Soluch, kusini mwa Benghazi, kwenda kupiga bandari ya Naples, Italia. Ndiyo ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita wakiwa pamoja. Wakati wa kurudi giza lilishaingia, na rubani William Hatton akaomba kituo cha Benina, karibu na Benghazi, kimwelekeze kwa redio. Akapewa uelekeo, ila mtambo wa aina ile haukuweza kutofautisha kama ndege iko mbele ya kituo au nyuma yake. Walijiona bado wako baharini, kumbe pwani wameipita zamani na chini yao ni Sahara. Saa nane usiku, mafuta yakiwa yanakwisha, wakaruka kwa parachuti.

Walikaa hai siku ngapi?

Wengine zaidi ya wiki, na maji yao yalikuwa nusu chupa. Nusu chupa kwa watu wanane! Wa tisa, John Woravka, hawakumwona tena; parachuti yake haikufunguka vizuri. Kila mtu alipimiwa kifuniko kimoja cha maji kwa siku. Waliongoza kaskazini, na njiani walikata vitambaa vya parachuti kwa umbo la mshale na kuvigandamiza kwa mawe, ili wakitafutwa ijulikane wameelekea wapi. Haya yote tunayajua kwa sababu rubani msaidizi, Robert Toner, aliandika shajara. Mistari yake ni mifupi, ya mtu anayetunza nguvu. Ijumaa ya tarehe 9 watano hawakuweza tena kusogea. Shelley, Ripslinger na Moore wakawaacha wakatafute msaada. Tarehe 12 Toner akaandika kwamba msaada bado, na usiku ni baridi kali. Hakuandika tena.

Kwa nini hawakuifuata ndege yao?

Hawakujua iliko. Ilijiendea yenyewe kiasi cha kilomita 26 kusini, ikatua kwa tumbo, ikabaki karibu nzima. Ndani mlikuwa na maji, chakula na redio. Wao waliamini bahari iko karibu, na mtu anayeamini hivyo hageuki kurudi jangwani. Watafiti wa mafuta walipoiona mwaka 1958 na wengine kuifikia baadaye, redio yake ilikuwa bado inafanya kazi na kahawa kwenye chupa ya chai inanyweka.

Miili ilipatikana?

Minane, yote mwaka 1960. Watano walikuwa pamoja. Ripslinger alikutwa zaidi ya kilomita 40 mbele yao, kwa miguu, bila tone la maji. Kila nikiusoma umbali huo huwa nausoma mara ya pili.

Kuna kumbukumbu yoyote yao?

Kanisa la Wheelus, kambi ya Wamarekani huko Tripoli, liliwekewa dirisha la vioo vya rangi kwa heshima yao. Dirisha hilo sasa liko kwenye makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani, Dayton, Ohio. Rafadha moja ya ndege iko Lake Linden, Michigan, nyumbani kwa LaMotte, mmoja wa wale tisa. Mabaki ya ndege yaliondolewa jangwani mwaka 1994.

Mbona jina la ndege linajulikana kuliko la watu?

Swali hili ndilo nililolisubiri. Chuma kilipigwa picha nyingi, watu hawakupigwa. Basi hawa hapa: William Hatton, Robert Toner, D. P. Hays, John Woravka, Harold Ripslinger, Robert LaMotte, Guy Shelley, Samuel Adams. Na Vernon Moore, ambaye mpaka leo bado hajazikwa kwa jina lake.