Grini kadi yangu imefika: mke na watoto wenye H-4 wamebaki wapi?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni Mkenya, mhandisi wa programu hapa Dallas. Nilikuja kwa viza ya kazi ya H-1B, na mwajiri akaniombea ukaazi wa kudumu. Mwezi uliopita grini kadi yangu ilifika kwa posta. Mke wangu na binti yetu wa miaka 9 wana H-4, viza ya familia ya mwenye H-1B. Maombi yao tuliyatuma siku moja na langu lakini hayajajibiwa, na kibali cha kusafiri tulichoomba hakijatoka. Viza zao kwenye pasipoti zinaisha Novemba mwaka ujao. Mama mkwe amelazwa Kitui na mke wangu anataka kwenda wiki ijayo, akae wiki tatu. Je, atarudi kwa hiyo H-4? Halafu nina mwanangu wa kwanza, niliyempata kabla ya ndoa hii, anaishi kwa nyanya yake Kitui. Ana miaka 20, na atafikisha 21 baada ya miezi minane. Watu wananiambia nimechelewa. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa ugonjwa wa mama. Naanza na safari kwa kuwa ndiyo inayobana. Mkeo asipande ndege bado. Akitoka Marekani bila kibali cha kusafiri mkononi, hataweza kurudi kwa H-4, na ombi lake la grini kadi litahesabiwa kuwa ameliacha mwenyewe.

Chukua pasipoti yake uitazame ile viza. Pale chini, kwa kawaida, utakuta jina lako limeandikwa. Ndivyo H-4 ilivyo: inaishi kwa sababu wewe una H-1B. Siku ulipokubaliwa kuwa mkaazi wa kudumu, H-1B yako ilikoma, na H-4 za mkeo na binti yako zikakoma siku iyo hiyo. Tarehe ya Novemba iliyochapishwa kwenye pasipoti haibadilishi jambo hilo. Watu wengi hudhani kadi ya baba inawafunika wote nyumbani, kumbe imewaondolea paa walilokuwa chini yake, na paa jipya halijaezekwa.

Usishtuke lakini. Kwa kuwa fomu zao za I-485, yaani maombi yao ya grini kadi, zilipokelewa na bado zinashughulikiwa, wanaruhusiwa kuendelea kukaa Marekani wakisubiri. Mtoto aendelee na shule. Ila sasa hilo ombi ndilo pekee linalowashikilia. Zamani lingekataliwa wangerudi kwenye H-4. Leo hakuna pa kurudi. Kwa hiyo barua yoyote ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, inayodai hati zaidi ijibiwe ndani ya muda, na mkihama nyumba mtoe taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 10.

Kuhusu kusafiri, kuna kanuni ambayo imewaponza wengi kwa sababu ni kweli nusu. Mwenye H-4 ambaye ombi lake la I-485 linasubiri anaweza kutoka na kurudi kwa viza yake bila kibali kingine. Ruhusa hiyo ipo, lakini inamhitaji awe bado anastahili H-4, na mkeo hastahili tena. Mtu akikuambia binamu yake alifanya hivyo mwaka juzi, huenda huyo binamu alisafiri kabla mumewe hajapata kadi. Mimi nimewahi kupigiwa simu usiku na mama aliyekuwa kaunta ya ndege pale JKIA, mizigo imeshapimwa, akiambiwa kwamba hawezi kupanda. Sikuwa na la kumfanyia usiku ule.

Lipo la kufanya kabla ya kukata tiketi. Pigieni USCIS simu mwombe miadi ya dharura katika ofisi yao ya karibu, ili kibali cha kusafiri kitolewe haraka. Mkeo aende na barua ya daktari yenye jina la mgonjwa, ugonjwa, tarehe na sahihi, cheti chake cha kuzaliwa kinachoonyesha huyo ni mama yake, picha za pasipoti za mkeo mwenyewe, na risiti ya fomu I-131, ile ya kuomba kibali cha kusafiri. Barua ikiwa kwa Kiswahili, iambatane na tafsiri ya Kiingereza. Afisa ana hiari ya kukubali au kukataa, lakini barua ya hospitali iliyoandikwa vizuri ina uzito kuliko maelezo ya mdomo. Binti akibaki nawe, haathiriki.

Na ikiwa mama yuko hali mbaya na kibali kimekataliwa, mkeo ana haki ya kuamua kwenda. Naheshimu uamuzi huo. Ajue tu kwamba hatarudi baada ya wiki tatu. Atalazimika kuomba viza ya uhamiaji kupitia ubalozi wa Marekani Nairobi, kwa njia ile ile nitakayoieleza kwa kijana wako, na hiyo ni miezi mingi mbali na mtoto.

Kama mkeo anafanya kazi, tazama kadi yake ya kibali cha kazi penye kipengele cha aina. Ikiwa C26, ilitokana na H-4, basi aache kazi mara moja. Ikiwa C09, ilitokana na I-485 na haina tatizo.

Msomaji mwingine ambaye amepata kadi na hakuwa amemwombea mke I-485 yuko hatarini zaidi. Kwa wanaopitia njia ya ajira, sheria husamehe muda wa kukaa bila hadhi usiozidi siku 180 kwa jumla tangu mtu alipoingia mara ya mwisho kihalali. Aombe mapema, mradi namba za viza, yaani nafasi za grini kadi kwa walio kwenye foleni, zipo katika taarifa ya mwezi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Sasa kijana. Hujachelewa, lakini usilale. Alikuwa mwanao kabla hujapata kadi, kwa hiyo ana haki ya kukufuata kwa foleni yako mwenyewe. Unajaza fomu I-824, nayo inapeleka taarifa za kesi yako hadi Nairobi. Usikubali kusukumwa kwenye I-130, fomu ya kumwombea ndugu upya, peke yake. Hiyo ingempanga kwenye foleni mpya, nyuma kabisa. I-130 ni ya mtu aliyeoa baada ya kupata kadi.

Umri wake hauhesabiwi kwa keki ya kuzaliwa tu. Chukua umri aliokuwa nao siku namba ya viza ilipopatikana kwako (au siku ilipokubaliwa fomu I-140, ambayo mwajiri alikuombea nayo ukaazi, ikiwa ndiyo iliyofuata), kisha utoe siku zote ambazo I-140 ilikaa ikisubiri. Jibu likiwa chini ya 21, umri wake umeganda hapo, mradi hatua ichukuliwe ndani ya mwaka mmoja tangu namba ilipopatikana. I-824 ni hatua inayotosha. Mwajiri aliyelipia huduma ya haraka alikuokolea muda, lakini pia alikupunguzia siku za kutoa.

Kwa kuwa hukumzaa ndani ya ndoa, ubalozi utataka kuona ulikuwa baba kwelikweli. Cheti cha kuzaliwa chenye jina lako, risiti za karo, taarifa za M-Pesa za miaka iliyopita, picha za likizo. Hakikisha pia ulimwandika kwenye I-485 yako. Kama ulimwacha nje, nione kabla hujatuma chochote.

Na mpigie simu leo umwambie jambo moja ambalo vijana wa miaka 20 hawalitarajii: asioe, wala asiandikishe ndoa ya aina yoyote, mpaka atakapokuwa ameingia Marekani na viza yake.