Wasomaji Wanauliza: Fremu zimejaa mtaani, magari yamefika getini, tufanyeje?

Toleo lililopita tuliwauliza wasomaji wa Dar kitu kimoja tu, mtaani kwako kumebadilika nini na wewe unaonaje. Mimi nilitegemea watu wataongelea mwendokasi na bei ya vyumba, kumbe meseji nyingi zilizokuja ni za fremu (vile vyumba vya biashara), paking na kelele. Nimechagua chache, zingine tutazitoa toleo lijalo.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi nimekaa Sinza toka wanangu wadogo na sasa hivi wana watoto wao. Zamani mbele ya nyumba yetu watoto walikuwa wanacheza rede barabarani mpaka jioni wanaitwa mmoja mmoja wakaoge. Jirani yangu wa kushoto kauza, aliyenunua kavunja fensi kajenga fremu sita, kuna wakala wa pesa, saluni, vipodozi, vifaa vya simu na grosari. Sichukii mtu kutafuta riziki, hata mimi nimesomesha kwa kuuza vitumbua. Ila wateja wanapaki mpaka getini kwangu. Juzi usiku mzee wangu sukari ilishuka, tukaita bajaji ikashindwa kusogea, wajukuu wakambeba kwenye kiti cha plastiki mpaka barabara kubwa. Nikiongea naambiwa mama, barabara ni ya serikali. Hivi kweli sina haki?
Bibi wa Sinza

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana kwa kuuguza. Haki unayo, tena kubwa. Anayekwambia barabara ni ya serikali kasema kweli ila kaishia njiani, maana kama ni ya serikali basi siyo ya mwenye fremu wala ya mteja wake. Barabara za ndani kama ya kwenu ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, toka 2017 na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuziba geti la mtu.

Naomba niseme kidogo kuhusu Sinza kwasababu watu wengi waliohamia juzi hawajui. Viwanja vyenu vilipimwa miaka ya 1970, kwenye ule mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni. Watu walipewa viwanja wajenge nyumba za kuishi, na barabara za ndani zikachorwa kwa mtaa wa watu wa kuishi, enzi ambazo mwenye gari alikuwa anahesabika. Sasa ukiweka fremu sita kwenye kiwanja cha familia moja, kila fremu na wateja wake na bodaboda wake na gari la kushusha mzigo, hao wote wanasimama wapi? Wanasimama kwako. Ndo maana sheria ya mipango miji ya 2007 inamtaka mtu anayebadilisha matumizi ya kiwanja, kutoka makazi kwenda biashara, aombe kibali manispaa kwanza. Kwahiyo swali lako la kwanza liwe hilo, kiwanja cha jirani kina kibali cha kubadili matumizi au hakina, na kama kipo, kwenye mchoro paking imewekwa wapi.

Usiende peke yako mama. Mtu mmoja akienda ofisini anaonekana ana ugomvi na jirani, wakienda kumi linakuwa jambo la mtaa. Andikeni barua, kila aliyesaini aweke namba ya nyumba yake, ile ya kwenye kibao cha anwani za makazi tulichobandikiwa 2022, mjukuu apige picha za geti likiwa limezibwa na muandike siku na saa. Barua iende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na nakala kwa mtendaji wa kata na kwa watu wa mipango miji manispaa ya Ubungo (siyo Kinondoni, wengine bado wanakwenda kule wakati Sinza imehamia Ubungo toka 2016). Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, bila muhuri barua inapotea na hamna mtu atakayeitafuta. Na habari ya mzee kubebwa kwenye kiti iandikeni vilevile ilivyotokea, muongeze kwamba kama bajaji imeshindwa kupita basi na gari la zimamoto mtakaloliita kwa 114 halitapita.

Huku mkisubiri, ongeeni na wapangaji wa fremu wenyewe, siyo mwenye nyumba. Wengi ni mabinti na vijana tu wanatafuta maisha, ukimwambia binti wa saluni geti lako liachwe wazi muda wote kwasababu kuna mgonjwa ndani, mara nyingi yeye ndo atakuwa wa kwanza kumwambia mteja asogeze gari. Ila msiweke mawe wala matairi barabarani, mtakuwa na nyie mmeziba njia.

SWALI: Mimi ni mwenye duka Kijitonyama, watu wananiita Mangi kama Mchaga japo mimi ni Mgogo. Wateja walikuwa wanasimamisha gari dakika mbili wanachukua mkate na maziwa wanaondoka. Sasa nyumba tatu za jirani zimegeuka ofisi, wafanyakazi wanapaki saa moja asubuhi wanaondoa saa kumi na moja jioni, mteja wangu hana pa kusimama. Alafu supamaketi imefunguliwa kule mbele ina paking yake na mlinzi. Kuna kijana naye kaanza kuchukua mia tano tano kwa wanaopaki, hatujui katumwa na nani. Nifunge?

JIBU: Usifunge kaka. Supamaketi haipimi mafuta ya kula ya mia tano, haiuzi sukari robo, haina daftari la mkopo na haifungui saa kumi na mbili asubuhi mtoto anapotaka kalamu ya kwenda nayo shule. Wateja wako wa kweli ni wale wa miguu na hao supamaketi haijawachukua. Mteja wa gari ndo unampoteza, na hapo una hoja ya haki kabisa, maana gari linalolala barabarani mchana kutwa limechukua nafasi ambayo watu wengi wangeitumia kwa zamu. Waendeeni hao wakuu wa ofisi, nyie wenye maduka wote kwa pamoja, muwaombe wafanyakazi wao wapaki ndani ya fensi zao. Nyumba za Kijitonyama nyingi zina uwanja ndani, umejaa majenereta na mabox. Wakigoma, serikali ya mtaa.

Huyo kijana wa mia tano, ushuru wa maegesho wa TARURA unalipwa kwa namba ya malipo, kwenye simu au kwa wakala, na unabaki na kumbukumbu. Anayepokea pesa mkononi bila namba hakusanyi ushuru wa serikali. Kama analinda magari kwa makubaliano na wenye magari ni sawa, ila asimdai mtu kwa lazima.

SWALI: Nimepanga Tabata, nyumba ya vyumba sita. Mwenye nyumba kasema vyumba viwili vya mbele vinageuzwa fremu na kimoja ni changu. Nimelipa miezi sita, imebaki minne. Fundi kashakuja kugonga gonga ukuta. Eti hela yangu atanirudishia akipata mpangaji wa fremu. Nihame?

JIBU: Usitoe hata kijiko ndani ya hicho chumba kabla hela yako ya miezi minne haijarudi mkononi, na akikurudishia muandikishane. Hatuna tena sheria inayopanga kiwango cha kodi, ile ya zamani ilifutwa 2005, kwahiyo mkataba ukiisha anaweza kupandisha au kubadilisha anavyotaka. Ila muda ulioshaulipia ni wako. Kama hamkuandika mkataba tafuta meseji za muamala wa kodi, hizo ni ushahidi. Anzia serikali ya mtaa, ikishindikana nenda baraza la kata wawasuluhishe, wao siku hizi wanasuluhisha tu hawatoi hukumu, wakishindwa ndo unakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Kilichonikosesha raha mimi ni huyo fundi. Kuvunja ukuta wa mbele uweke mlango wa shata siyo sawa na kupaka rangi, ukuta ule unabeba paa, na ndani mnalala familia nzima nzima. Wote tuliona ghorofa la Kariakoo lilivyoporomoka Novemba 16, 2024, watu wakiwa ndani kwenye biashara zao. Muulize mwenye nyumba, nyie wapangaji wote, kibali cha ujenzi cha manispaa kiko wapi. Kama hana, toeni taarifa leo, msisubiri nyundo.

SWALI: Mnaolalamika mnataka mtaa ulale. Mimi nina fremu ya kunyoa Sinza, nimeajiri vijana wawili. Zamani ukitaka dawa usiku unatembea mpaka kituo cha Mori, sasa duka la dawa lipo hapa hapa, taa zinawaka, dada zetu wanaotoka shift usiku hawakabwi tena. Hayo mbona hamuandiki?

JIBU: Tumeandika, na nakuunga mkono zaidi ya nusu. Taa za fremu zimesaidia kuliko wengi wanavyokubali, binti anayeshuka daladala saa nne usiku anapita penye mwanga na watu wanaomjua kwa sura, hilo mimi nalithamini sana. Na ajira umetoa. Ninachokuomba ni viwili, spika usiielekeze nje, na benchi la wateja wanaosubiri lisikae pale mtu anapopita. Wewe ukianza, na jirani yako wa fremu ataona aibu.

SWALI: Baa ya nyuma yetu inapiga muziki mpaka alfajiri, mtoto ana mtihani wa darasa la saba mwaka huu.

JIBU: Rekodini kwa simu, muonyeshe na saa, pelekeni serikali ya mtaa na NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Kanuni za kelele zipo toka 2015, na 2022 NEMC walifungia baa kadhaa hapa Dar kwa sababu hiyo hiyo. Kwa usiku wenyewe pigeni polisi.

SWALI: Machinga waliondolewa njia za waenda kwa miguu 2021, tukashukuru. Sasa wenye maduka wenyewe ndo wametoa nje mafriji, masanamu ya nguo na magodoro, na panapobaki linapanda gari. Mwanangu wa darasa la pili anatembea katikati ya barabara na bodaboda. Nani anaondoa hawa?
Mama Mbagala

JIBU: Manispaa, wale wale walioondoa machinga. Mama ntilie alihamishwa na meza yake na masufuria, hatuwezi kukubali mwenye duka aachwe kwasababu ana leseni ukutani, leseni ni ya kufanyia biashara ndani ya mlango wake. Peleka malalamiko kwa mtendaji wa kata ukiwa na wazazi wenzako wa hiyo shule, na mwalimu mkuu muombeni aandike barua yake, barua ya shule inasikilizwa haraka. Sisi tumetenga ukurasa toleo lijalo wa picha za njia zilizozibwa, tutumieni yenye jina la mtaa na kata, sura za watu zisionekane, na tutazipeleka manispaa husika kabla hatujazichapisha.