Insha au mpango wa biashara?

Dada, umeuliza uanze na insha au mpango wa biashara, na kama ni kawaida kulipia kuingia shindano la wajasiriamali. Ukiambiwa utume pesa ya usajili kwa M-Pesa, toroka. Wakfu wa Tony Elumelu hautozi kitu, na tangu 2015 unawapa wajasiriamali wa Afrika wanaochaguliwa mtaji wa dola 5,000.

Wewe unayeuza nyanya Githurai, anza na mpango. Ila usiandike "soko ni kubwa". Mimi niliandika hivyo mara ya kwanza, jaji akaniuliza kreti moja naichukua soko la jumla la Marikiti kwa bei gani na nyanya ngapi huoza kabla ya kuuzwa. Nikabaki kutoa macho. Siku hizi nina daftari: bei ya kreti, pesa ya mkokoteni, zilizopondeka, faida iliyobaki. Ukurasa huo ndio majaji watakaokubana nao, hayo mengine wanapitia tu.

Insha ikija, fungua daftari hilohilo. Anza na kreti yako, Ruwaza ya 2030, ule mpango wa maendeleo wa serikali ya Kenya, itafuata. Na wakisema maneno 1,000, usipeleke 1,400, tafadhali.