Vyumba vya melini kwa watu watano

Swali: Sisi ni wazazi na watoto watatu (miaka 4, 9 na 13), Kisumu. Tunaenda safari ya meli ya kitalii. Tuchukue vyumba vipi?

Jibu: Viwili vyenye mlango wa ndani kati yao. Vilivyopakana tu, bila mlango huo, vitawapeleka koridoni kila mtoto akililia maji usiku. Kampuni nyingi hudai mtu mzima katika kila chumba, basi baba aandikwe kimoja, mama kingine. Mkishapanda, laleni mpendavyo na muombe mapokezi kadi za ziada za mlango. Wa miaka 4 asilale kitanda cha juu, kile kinachoshushwa kutoka darini; ni cha miaka 6 kwenda juu. Wekeni nafasi mapema, wala msisubiri chumba kimoja cha watano: ni adimu kuliko omena wa bure.