Makala ya pilau imeibwa: anzia hapa
Pole sana dada. Unasema mtu amenakili makala ya pilau ya blogu yako, na unauliza ufanye nini na kama uhamie kwenye video fupi. Mtu kubeba makala yako ya pilau na picha zake, kisha akaweka jina lake, ni wizi, usiunyamazie. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, makubaliano ya mataifa ya kulinda kazi za waandishi na wasanii, hivyo usajili si sharti, ingawa kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kunakupa ushahidi mzuri. Elewa tu kwamba orodha ya viungo haina mwenyewe: bizari nyembamba, iliki na mdalasini ni vya wote. Chako ni maelezo na picha.

Leo hii, kabla hajafuta, piga picha za skrini zinazoonyesha anwani ya ukurasa na tarehe. Picha halisi za kwenye simu usizifute, maana zina tarehe na saa ndani yake. Kisha iandikie kampuni inayohifadhi tovuti yake. Ikiwa iko Marekani, taja sheria yao ya hakimiliki mtandaoni, DMCA ya 1998. Kampuni nyingi huondoa upesi zisije zikabeba lawama. Google nao wana fomu ya kuomba ukurasa utolewe kwenye matokeo ya utafutaji.

Kuhusu kuhamia video fupi kwa kuwa ndiyo mtindo: zitengeneze, ila makala kamili ibaki kwenye blogu yako. Mitandao hubadili taratibu bila kukuuliza.